Maji Yatapita Juu Yangu Kwanza

Jelšinka, 3 Juni

Shikamoo Baba wa Ubatizo,

Sijui kama barua za watu wa kawaida humfikia jaji wa Mahakama ya Katiba au huishia mlangoni. Hii nimeiandika kichwani majira yote ya kuchipua. Simu pia niliishika, nikaiweka chini. Mimi ni Dorota, mjukuu wa Paulína Hricová wa nyumba ya mwisho kabla ya daraja. Ndimi yule uliyemshika kwenye maji ya ubatizo miaka kumi na tisa iliyopita, ulipokuwa ndiyo kwanza unagombea ubunge wetu.

Nimemaliza sekondari. Kwenye mtihani wa mdomo nilitetemeka mpaka mwalimu akanisogezea glasi ya maji, lakini nimefaulu. Swali langu la uraia lilikuwa kuhusu mahakama yako: majaji wangapi, nani huwachagua, nani huwateua, wanakaa miaka mingapi. Nilijibu yote. Nilitaka pia kusema kwamba mmoja wao ni baba yangu wa ubatizo, nikaona haya.

Picha yako bado iko juu ya jiko la vigae. Ni ile iliyokatwa gazetini, ulipoingia mtoni na mabuti yanayofika mapajani, mwaka ule waliposema kwa mara ya kwanza kwamba wataliziba bonde letu wajenge bwawa. Chini yake kuna maneno yako: "Maji yatapita juu yangu kwanza." Bibi huifuta vumbi kila Jumamosi pamoja na Bikira Maria. Huanza na wewe kwa sababu uko chini.

Bila shaka unajua kwamba sheria ya bwawa ilipita Bungeni mwaka jana, na kwamba inairuhusu serikali kuzitwaa nyumba zetu kwanza na kubishana nasi juu ya fidia baadaye. Sisi tuliobaki kijijini tumepeleka malalamiko kwenu huko Košice. Sikuandikii kuhusu hilo. Mwalimu alitufundisha kwamba jaji haombwi.

Jambo moja tu linanisumbua. Mzee Gejza Pitoňák, mwenyekiti wa kijiji, anasema siku ya kura ile ulikuwa bado mbunge, na hukusema ndiyo wala hapana. Ulibonyeza kitufe cha kujizuia, na miezi michache baadaye Bunge likakuchagua kuwa mgombea wa ujaji, Rais akakuteua. Siku hizi anakuita Bwana Kitufe cha Kati, na watu baani wanacheka. Nilimwambia, kwa sauti yangu hii ndogo, kwamba lazima ulikuwa na sababu. Akasema, "Alikuwa nayo, mwanangu. Sababu yenyewe ni joho."

Ukipata nafasi, nipe la kumjibu.

Na kingine, ukiwa na nafasi zaidi: mtu mwenye haya anaweza kusomea sheria?

Wako mtiifu,
Dorota

*

Košice, 19 Juni

Bi. Dorota Hricová,

Barua yako imenifikia ikiwa imeshafunguliwa na masijala, kama barua zote zinazoletwa hapa. Nakupongeza kwa kufaulu.

Kuhusu kijiji siwezi kusema neno wala kusikia neno. Utaelewa utakapokuwa mkubwa zaidi.

Nakuomba pia, unapoandika kwenye anwani hii, usiniite baba wa ubatizo. Ni neno zuri mezani kwa bibi yako. Mahakamani lina uzito usioujua. Niite kwa cheo changu. Siku wabunge waliponihoji nilisema, na televisheni ikaonyesha, kwamba nitakapovaa joho nitakuwa nimevua chama, jimbo na kila nililowahi kulisema jukwaani. Nilimaanisha hivyo. Ninakurudishia barua yako humu ndani ili isibaki kwenye majalada ya hapa.

Mwenyekiti wenu unaweza kumjibu kwamba kujizuia nako ni kupiga kura. Kuna nyakati ambapo mtu mwenye busara hawezi kusema ndiyo bila kuumiza, wala hapana bila kubomoa. Nimekuwa wakili, mbunge, mwenyekiti wa kamati na sasa jaji. Mara nyingi nimeona kwamba mtu huharibu zaidi kwa kuharakisha upande.

Sheria inahitaji sauti. Kwa tabia yako ningekushauri lugha. Mtafsiri hukaa peke yake na kamusi, wala hakuna anayemkatiza.

Dkt. Vendelín Straňák
Jaji

*

Jelšinka, 2 Julai

Shikamoo Mheshimiwa Jaji,

Naomba radhi kwa kukuita vile. Nilijua ni mahakama, sikujua kwamba barua hufunguliwa. Niliposoma kwamba watu wameiona nilitaka kuingia chini ya kitanda. Sitarudia.

Jibu lako nilimpelekea mzee Gejza, lile la kujizuia. Alilisoma mara mbili, akaliweka kwenye mfuko wa shati, akasema maneno kama hayo ni mazuri mno kuachwa kwangu, atayasoma kwenye sikukuu ya wazima moto wa kijiji. Aliyasoma kweli. Sikukaa mpaka mwisho.

Hatukuombi kitu. Nakuambia tu habari, kama mtu anavyomwambia mtu wa kwao. Wapima ardhi wamekuja. Wamepaka rangi ya machungwa kwenye kila mti utakaokatwa, na miti yetu yote ya plamu imepakwa. Bibi alitoka na ndoo ya maji ya sabuni akawa anasugua. Kijana wa wapima ardhi akamwambia, kwa adabu tu, "Bibi, hiyo haitoki." Bibi akasema, "Nami sitoki. Tutaona nani atachoka."

Jambo jingine ambalo labda hujui: nilipotimiza miaka kumi na minane Bibi aliandikisha nusu ya nyumba kwa jina langu. Kwa hiyo hata mimi ni mlalamikaji. Jina langu limeandikwa chini ya lake kwenye karatasi zilizokuja huko kwenu. Mara ya kwanza jina langu kuandikwa mahali pa maana, na ni mahali pa kulalamika.

Kuhusu lugha, asante kwa ushauri. Nitafikiri.

Dorota Hricová

*

Košice, 9 Septemba

Dorotka, mwanangu,

Mwezi wa sita nilikuandikia kama mtu anayeandikia ofisi. Nimeisoma nakala yangu jioni moja nikaona aibu. Jaji naye ana moyo, ingawa joho linaficha mengi.

Nakukumbuka siku ya ubatizo. Hukulia. Padri alipokumwagia maji ulifungua macho ukanitazama mimi badala yake, na mama mmoja nyuma akasema, huyu ameshachagua. Watu wote walicheka. Nimewahi kushika watoto wengine kwenye maji yale, kazi ya siasa ndivyo ilivyo, lakini hakuna mwingine aliyenitazama hivyo.

Niandikie. Niandikie kama ulivyokuwa ukiandika, na uniite tu Baba wa Ubatizo, nilikosea kukukataza. Niambie Bibi Paulína anaendeleaje, nyumba ikoje, mnafikiri nini, mnatumaini nini. Usiogope kuandika yaliyo moyoni, hata yanayohusu hilo shauri lenu, kwani nani atamzuia mtoto kumwambia mzazi wake yanayomuumiza? Kama mimi ni kitu kwako, sema ni kitu gani. Mtu akifika umri wangu hufurahi kusikia.

Ni vema uitume hapa mahakamani. Nyumbani Bratislava siko sana siku hizi. Andika jina langu wazi juu ya bahasha.

Nakukumbatia,
Baba yako wa Ubatizo, Vendelín

*

Jelšinka, 14 Septemba

Shikamoo Baba wa Ubatizo,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama njiani na baiskeli, halafu jikoni, halafu darini. Samahani kwa madoa. Tunapika jemu ya plamu, sufuria kubwa iko uani tangu alfajiri na mtu hawezi kuacha kukoroga, kwa hiyo nakoroga kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine, karatasi iko juu ya pipa.

Umeniuliza wewe ni kitu gani kwangu. Nitasema, maana kwenye karatasi sioni haya sana.

Baba yangu mwenyewe yuko Linz, nje ya nchi. Anaendesha lori, ana watu wengine huko, na huandika Krismasi. Mama hayupo, unajua. Kwa hiyo shuleni walipotuambia tuandike kuhusu mtu tunayemheshimu, wenzangu waliandika kuhusu baba zao, mimi niliandika kuhusu wewe. Niliandika kwamba baba yangu wa ubatizo aliingia mtoni mwezi wa tatu, barafu ikiwa bado pembeni, kwa ajili ya nyumba ambazo si zake. Mwalimu alinipa alama ya juu kabisa. Mkesha wa Krismasi, Bibi anapoweka ile sahani ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa, mimi kimoyomoyo husema ni yako. Sijawahi kumwambia mtu.

Umeuliza kuhusu nyumba. Mlango wa jikoni haufungiki tangu mafuriko yale uliyokuja kuyatazama. Bibi hataki utengenezwe kwa sababu babu ndiye aliyeupachika vibaya. Stoo ya chini imejaa viazi tulivyovimwaga kupitia dirisha lake dogo. Bibi anaumwa goti, hushuka ngazi za stoo kwa makalio kama mtoto na hukasirika nikimtazama. Serikali imetupa nafasi kwenye ghorofa ya sita huko Prešov. Tulienda kuiona. Bibi alifungua dirisha, akachungulia chini, akalifunga, akamwuliza bwana wa ofisi, "Na viazi tutavitupia wapi, kichwani kwa watu?" Bwana alicheka. Bibi hakucheka.

Nilimsomea Bibi barua yako. Nisikufiche, hakufurahi kama mimi. Aliacha kukoroga, na wewe unajua jemu haisamehi. Akasema, "Mwaka mzima bubu, leo anataka tumimine moyo. Muulize kwanza anataka kuweka nini kwenye huo moyo." Nilimkasirikia. Nilimwambia mtu anaweza kujuta. Akasema anaweza, akarudi kwenye mwiko wake.

Umesema niseme tunatumaini nini. Tunakutumaini wewe, Baba wa Ubatizo. Sijui kama shauri letu litafika kwako au kwa majaji wengine, watu wanasema huwa watatu watatu na kompyuta ndiyo hugawa. Lakini kama litafika kwako, najua utatukumbuka. Sikuombi uvunje sheria. Nakuomba utazame kama nilivyokutazama.

Nimeandika jina lako wazi juu ya bahasha, kwa herufi kubwa.

Mwanao kwa ubatizo,
Dorotka

*

Jelšinka, 25 Oktoba

Shikamoo Baba wa Ubatizo,

Sijapata jibu, labda kazi ni nyingi. Niliogopa kwamba niliandika kitu kibaya. Kama ni kuhusu alichosema Bibi, yeye ndivyo alivyo, hata padri humsema.

Jemu iliungua kidogo upande mmoja lakini nimekuwekea makopo mawili mazuri. Niambie niyatume wapi.

Dorotka

*

Jelšinka, 16 Novemba

Vendo,

Hujambo. Au siku hizi nikuamkie mimi? Naandika kwa mkono wangu kwa hiyo utavumilia mwandiko, wewe umekula pirohi za viazi zilizokandwa na mkono huu na hukulalamika.

Wakili wetu alipiga simu wiki iliyopita. Amesema shauri letu liligawiwa kwa watu watatu na wewe ulikuwa mmojawapo. Halafu ukaondolewa, na sababu ya kukuondoa ni barua ya Dorota. Eti mlalamikaji ameonyesha ukaribu wa kifamilia na jaji na amemwomba amkumbuke. Wamemweka mwingine mahali pako.

Sasa sikiliza. Nyumba ni nyumba. Nilizaliwa humu, nimefiwa na mume humu, nikitoka nitatoka. Sikuandikii habari ya nyumba. Nakuandikia habari ya mtoto. Mzee Gejza, mdomo wake unaujua, alimwambia mbele ya duka, "Basi umetuzamisha kwa kalamu, Dorotka." Baadaye alikuja kuomba radhi na chupa ya gongo ya plamu, nikaipokea chupa nikamfungia mlango. Lakini neno limeshaingia. Mtoto hali. Anakaa mgongo ameuegemeza kwenye jiko na hasemi, na yule hata siku nzuri hasemi sana. Jana nilimkuta anaandika orodha ya watu wa kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, ili akamwombe kila mmoja msamaha.

Wewe ndiye uliyemwambia aandike. Nilikuwepo, nilisomewa, jemu yangu iliungua. Sitaki nijue kwa nini ulimwambia. Mimi ni mzee, nina mawazo yangu na nitabaki nayo. Nataka umwandikie mistari miwili: si kosa lako, mimi ndiye niliyekuomba. Basi. Hata sahihi usiweke kama unaogopa masijala.

Umetoka mbali, Vendo. Nakukumbuka ulipokuja na koti la kuazima kuomba kura zetu, na mume wangu akakupa lake kwa sababu mikono ya lile ilikuwa mifupi. Hatukudai koti. Mistari miwili.

Paulína

*

Košice, 12 Desemba

Mpendwa Dorota,

Nimepokea maneno ya Bibi yako na nayaelewa kama maneno ya mtu mwenye uchungu.

Sikulaumu. Nataka ulijue hilo kabla ya Krismasi. Ulikuwa kijana, hukujua taratibu, ulifuata moyo. Barua ilipoingia masijala na kugongwa mhuri, mimi sikuwa na njia. Mlalamikaji anapomwita jaji mzazi wake na kumwambia kwamba anamtumaini, jaji mwaminifu lazima atoe taarifa, na wenzake lazima wamtoe. Sheria hii ipo ili kuwalinda watu kama ninyi.

Ningependa kuwemo. Siruhusiwi kusema ningeamua nini, lakini unaweza kufikiria. Moyo wangu ulikuwa nanyi, na utabaki nanyi.

Haya ni mafunzo makubwa kwako. Maneno, hata yale ya upendo, yana mahali pake. Usijitese. Watu husahau.

Tafadhali kuanzia sasa turudi kwenye utaratibu wa mwezi wa sita. Jemu asante, lakini jaji hapokei zawadi.

Nawatakia sikukuu yenye amani.
V. Straňák

*

Prešov, 2 Aprili

Bwana Straňák,

Leo sikuamkii. Nimejaribu, mkono umekataa.

Hukumu ilitoka mwezi wa pili na bila shaka umeisoma. Wawili dhidi ya mmoja, tumeshindwa. Yule mmoja, mama ambaye sijawahi kumwona hata picha, ameandika maoni yake ya kupinga, kurasa nyingi, kwamba serikali haiwezi kumtoa mtu nyumbani kwanza na kumlipa ikijisikia. Aliyewekwa mahali pako alikuwa upande wa serikali. Kwa hiyo tulikosa kura moja tu, na kura hiyo ilikuwa yako. Nililia siku tatu, kwa sababu ulikuwa umeniambia nifikirie ungeamua nini, nami nilifikiria.

Watu wa kijiji sikuwaomba msamaha wote. Nilifika nyumba ya nne, nikaishiwa na sauti. Walikuwa wema. Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote.

Kisha wakili akaniambia kwamba mlalamikaji anaruhusiwa kusoma jalada la shauri lake. Nadhani alitaka tu nipate shughuli. Nikapanda treni peke yangu kwenda Košice. Dirishani kwa masijala mama mmoja aliniambia, "Binti, siwezi kukusikia." Nikasema tena. Akasema bado. Nikasema kwa sauti mpaka mlinzi akageuka: naitwa Dorota Hricová, mimi ni mlalamikaji, nataka kusoma jalada langu. Ulisema sheria inahitaji sauti. Ninayo, ilikuwa imekaa tu.

Barua yangu imo. Ina mhuri, na kila mahali nilipoandika Baba wa Ubatizo kuna mstari wa wino chini yake. Nadhani ni wino wako, ni ule ule wa sahihi yako ya mwezi wa sita. Doa la jemu lipo pia. Niliona haya tena, haya ile ile ya zamani, nikataka kufunga. Lakini nilikuwa nimelipa nauli, nikaendelea kusoma, na kurasa zilizo kabla ya barua yangu nikazisoma.

Tarehe nne Septemba, shauri letu lilipokuwa limegawiwa kwako, uliandika kuomba utolewe. Ulitoa sababu mbili. Ya kwanza, kwamba ukiwa mbunge ulisimama mtoni ukapinga bwawa. Ya pili, kwamba mmoja wa walalamikaji ni mtoto wako wa ubatizo. Tarehe nane majaji wenzako wakakukatalia. Kuhusu mto, walikunukuu mwenyewe, yale ya televisheni, kwamba ulipovaa joho ulivua kila ulilolisema jukwaani. Kuhusu mimi, waliandika kwamba kusimamia ubatizo wakati wa kampeni hakuthibitishi ukaribu wa kweli, na kwamba hakuna dalili yoyote kuwa jaji na binti huyu ni kitu chochote kwa kila mmoja.

Tarehe tisa ukaniandikia: Dorotka, mwanangu. Kama mimi ni kitu kwako, sema ni kitu gani.

Nilikaa pale mpaka wakaja kuzima taa. Sikulia. Nilikuwa nasikia sauti ya Bibi ikiniuliza anataka kuweka nini kwenye huo moyo.

Nimejaribu kukuelewa, maana nimezoea kukutafutia sababu. Ungesema ndiyo kwa bwawa, picha ya mtoni ingekutazama maisha yako yote. Ungesema hapana, wale waliokuchagua Bungeni wangekutazama. Ulitaka kitufe cha kati, na mahakamani kitufe hicho hakipo. Mkiwa watatu mtu lazima ainue mkono. Kwa hiyo ulihitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu anakupenda, ukaja kuuchukua uthibitisho kwangu, kwa sababu kwangu ulijua upo.

Na ingeishia hapo labda ningekuonea huruma. Lakini Bibi alikuomba mistari miwili. Ulikuwa unajua sijakosa, ukaniandikia kwamba hunilaumu.

Nilienda kwa padri kumwomba afute jina lako kwenye kitabu cha ubatizo kabla kanisa halijafungwa na kitabu kupelekwa kwa askofu. Alisema halifutwi. Mtu anaweza kuacha mke, kuacha kanisa, lakini aliyesimama kwenye maji amesimama. Nilimwuliza, na mtoto je, yeye hawezi kuacha? Akanipa chai. Basi nitakuwa wako kwenye karatasi siku zote, na ukipata shauri jingine la kuogopesha unaweza kusema unaye mtoto huko Prešov, ghorofa ya sita. Ila safari hiyo tafuta mmoja wa wale wengine uliowashika. Mimi nimeshatumika.

Tumehama Jumatatu. Mzee Gejza alitubebea jiko, kigae kwa kigae, ingawa hapa haliruhusiwi kuwashwa. Hakufanya mzaha hata mmoja njia nzima. Bibi hafungui dirisha.

Wiki ijayo wanabomoa. Wanabomoa kuta tu, stoo za chini wanaziacha, maji yatazijaza yenyewe. Siku ya mwisho Bibi aliitoa picha yako juu ya jiko, akaifuta, ingawa haikuwa Jumamosi. Nilidhani ataitia motoni. Aliibana kwapani, akashuka ngazi za stoo kwa makalio, akaniambia nimletee nyundo na msumari. Ameipigilia chini kabisa, kiganja kimoja kutoka sakafuni, pale tulipokuwa tunamwaga viazi.

Nilimwuliza mbona chini hivyo.

"Aliahidi," alisema. "Sitaki maji yampite pembeni."

Dorota Hricová